"Bado Mdogo, Atasahau" na Dhana Nyingine Kuhusu Mtoto wa Kuasili

Dhana: Ameasiliwa akiwa na miaka mitatu, hatakumbuka chochote.

Kila anayeasili mtoto wa umri huu ameambiwa hivyo na jamaa zake, na wengi huamini kwa sababu inawapa nafuu. Waiache.

Kinachofutika ni kumbukumbu ya kusimulia: nani, wapi, lini. Kumbukumbu ya mwili hubaki. Harufu fulani ya sabuni, mlango unaofungwa kwa kishindo au begi linalopangwa nguo vinaweza kumtia mtoto hofu asiyoweza kuieleza. Analia hadi sauti inakauka kila mnapojiandaa kwa safari, nanyi mnasema anadeka. Huenda mara ya mwisho begi lilipopangwa, hakurudi tena alikotoka.

Tena, mtoto wa miaka mitatu hadi mitano huamini kwamba mambo hutokea kwa sababu yake. Asipopewa maelezo, hujitungia: "Niliondolewa kwa kuwa nililia sana." Akishaamini hivyo, atawajaribu kwa vituko aone kama nanyi mtamtoa, au atakuwa mtiifu kupita kiasi. Huyu wa pili ndiye anayesifiwa kwamba "hasumbui kabisa", kumbe utulivu wa wiki za kwanza mara nyingi ni tahadhari tu.

Kwa hiyo mpe simulizi fupi, ya kweli, tangu wiki za mwanzo: "Ulikua tumboni mwa mama mwingine. Wakati ule hakuweza kulea mtoto yeyote. Hukufanya kosa lolote. Sasa sisi ndio wazazi wako, na tutaendelea kuwa wazazi wako." Maneno "mtoto yeyote" yana kazi: yanaonyesha kwamba kasoro haikuwa kwake. Mweleze mkiwa katika shughuli za kawaida, kama vile kuoga, bila kumkalisha kikao. Rudia kwa maneno yale yale, na uongeze undani kadiri anavyokua. Kama mama alifariki, sema alifariki. Ukisema "amelala", usishangae mtoto akigoma kulala. Msilolijua, semeni hamlijui.

Na tafadhali, acheni ile ya "alikupenda sana, ndiyo maana akakutoa". Mtoto husikia kwamba anayependwa huachwa, kisha nanyi mnamwambia kila usiku kwamba mnampenda.

Blanketi au mwanasesere aliyekuja naye asifuliwe wiki za mwanzo, hata akinuka. Ile harufu ndiyo anayoifahamu. Jina lake la kwanza mwachieni. Mkitaka la ukoo wenu, liongezeni pembeni.

Dhana: Tutamwambia akifika miaka kumi.

Kufikia hapo majirani wote watakuwa wanajua isipokuwa yeye, na kuna binamu atakayeropoka wakiwa wanagombana.

Dhana: Anamkumbatia kila mgeni, basi ameshazoea.

Mtoto aliyelelewa na watu wengi wanaobadilika hujifunza kwamba mtu mzima yeyote anafaa. Hiyo haina maana kwamba ameshikamana nanyi. Kwa miezi michache ya kwanza, kulishwa, kuogeshwa, kulazwa na kubembelezwa akiumia kufanywe na wazazi pekee. Wageni wacheze naye, lakini akiomba kupakatwa, wamrudishe kwenu kwa upole. Bibi na babu watanuna, hivyo waelezeni kabla hawajafika. Hili ndilo shauri ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Dhana: Anaficha chakula chini ya mto, huo ni wizi.

Hiyo ni akiba ya aliyewahi kukosa. Kufuli kwenye kabati huzidisha hofu. Mpe chakula kila baada ya saa mbili au tatu, na uweke bakuli lake mahali anapofika mwenyewe, lisiwe tupu kamwe. Kuficha hupungua taratibu, pengine kwa miezi. Ondoa mabaki yaliyooza bila kufoka, uache kitu kisichoharibika badala yake.

Dhana: Akikorofisha, afungiwe chumbani peke yake.

Unamwadhibu kwa kile kile anachokiogopa. Mweke karibu nawe, zuia mikono inayopiga, sema maneno machache. Kuhusu kosa, zungumzeni akishatulia.

Akiomba kulishwa kwa kijiko kama mtoto mchanga, mlishe, hapotezi kitu. Lakini ikipita miezi kadhaa na mtoto akiumia bado haendi kwa mtu yeyote ili abembelezwe, au anajiumiza kwa makusudi, mpelekeni kwa mtaalamu wa watoto anayefahamu masuala ya kuasili.