Vidonge vya majira, saratani ya ovari na kiharusi

Kwa miaka mingi wanawake wameambiana kwamba vidonge vya majira hujikusanya tumboni, huozesha kizazi na mwishowe huleta saratani. Kwanza, kidonge humeng'enywa na kutoka mwilini kama dawa nyingine, hakibaki popote. Pili, kwa saratani ya ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi, ukweli ni kinyume kabisa. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 45 kutoka nchi 21: kila miaka 5 ya kutumia vidonge ilipunguza hatari kwa takriban asilimia 20, na kinga hiyo iliendelea, ingawa kwa kupungua, hata miaka 30 baada ya kuacha. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vidonge husimamisha upevukaji wa yai, hivyo ovari, ambayo hupasuka kidogo kila yai linapotoka, hupata majeraha machache.

Hofu inayostahili kusikilizwa iko kwingine, nayo huzungumzwa kidogo mno. Vidonge vyenye estrojeni, homoni ya kike, huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda, na bonge likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Kwa msichana mwenye afya hatari ni ndogo sana. Kwa mwenye presha ya juu, mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, ni kubwa, na anafaa njia nyingine, kama vidonge visivyo na estrojeni. Kwa hiyo dada, kabla ya kupewa pakiti, omba upimwe presha.