Mwandishi mkimbizi, usiifiche kazi yako unapoomba hifadhi

Tangu Goma iangukie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, dawati letu la msaada wa kisheria hapa Nairobi limepokea wanahabari wanawake kutoka mashariki ya Kongo. Wengi wamefundishwa na wenyeji wao maneno yaleyale: "Sema umekimbia risasi. Mambo ya redio nyamaza."

Ushauri huo unaumiza watu, naomba ukome. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, hifadhi hutolewa kwa anayeogopa kuteswa kwa ajili ya msimamo wake, kama ulivyo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, na pia kwa anayekimbia vita, kama ulivyo Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika, sasa Umoja wa Afrika) wa 1969. Aliyetangaza habari akaanza kusakwa anaingia kote kuwili. Akitaja vita peke yake, siku kwao kukitulia hadhi yake yaweza kufutwa, na waliokuwa wakimsaka bado wapo.

Mama mmoja alikuja na kadi yake ya uandishi imeshonewa kwenye pindo la kitenge. Hata shemeji anayemhifadhi hakujua. Tuliufumua uzi kwa wembe. Picha imefifia, muhuri wa kituo unasomeka. Huo ni ushahidi. Na tafadhali, msiwadai watu barua za vitisho: anayekuja kukuchukua usiku hakuandikii kwanza.

Jitokeze mwenyewe kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini, hata kama huna pasipoti. Andikisha watoto wote; alama za vidole huchukuliwa. Unaweza kuomba mhojaji na mkalimani wawe wanawake. Uamuzi unapaswa kutoka ndani ya siku 90. Ukikataliwa, una siku 30 za kukata rufaa. Maelezo yako ni siri, hayapelekwi ubalozi wa kwenu. Kusema uongo ni kosa lenye adhabu.

Je, mwandishi aliyepewa hifadhi ataandika tena? Kifungu cha 3 cha Mkataba wa OAU kinataka mkimbizi azuiwe kushambulia nchi mwanachama kwa silaha, magazeti au redio. Wapo wanaokisoma kama marufuku ya uandishi. Sikubaliani nao kabisa: kuripoti nani kauawa na nani kaua si kushambulia nchi. Ila kabla ya kuajiriwa, tafuta kibali cha kazi cha daraja M, kile cha wakimbizi, na ithibati ya Baraza la Vyombo vya Habari.

Kadi halisi hubaki kwa mwombaji. Ofisini toa nakala tu.