Afisa Afya Anatafuta Nini Kwenye Jiko la Mgahawa

Tukifika kwenye mgahawa kwa ukaguzi, mwenye mgahawa hutuonyesha sakafu kwanza. Imedekiwa, vigae vinang'aa, wahudumu wamevaa aproni safi. Tunashukuru, lakini tunapita hapo na kwenda moja kwa moja jikoni. Tunalotafuta ni sufuria kubwa la maharage yaliyopikwa alfajiri, ambayo saa nane mchana bado yako pembeni ya jiko, hayachemki wala hayajapoa.

Sufuria hilo ndilo linalotutia wasiwasi kuliko buibui darini. Bakteria wanaoleta magonjwa ya tumbo hustawi kwenye chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na jiko la mgahawa wa Dar es Salaam lina uvuguvugu huo mchana kutwa. Katika mazingira wanayoyapenda, wengi wao hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akiingia na upawa mchafu saa moja asubuhi, saa nane mchana wazao wake wanaweza kuwa zaidi ya milioni 2. Chakula hakibadiliki rangi wala harufu. Mteja anakula, anasifu mapishi, anaondoka.

Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa mpishi ni hili: wali uliobaki jana uko wapi, na uliwekwa huko saa ngapi? Mchele una bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye spora zake, yaani mbegu zake ngumu zilizolala, hazifi hata wali ukichemka na kukaushwa vizuri. Wali ukiachwa mezani usiku kucha, spora huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu inayotapisha. Hapa ndipo wapishi wengi wanapokosea, tena wapishi hodari: wanaamini kiporo kikipashwa moto hadi kitoe mvuke kimekuwa salama. Bakteria watakufa, ndiyo, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiharibiki kwa kupasha moto. Ni vivyo hivyo kwa sumu ya bakteria wanaoishi puani, kwenye ngozi na kwenye majipu ya mpishi, wale wanaoitwa Staphylococcus aureus. Moto wa leo haufuti kosa la jana usiku.

Kiporo si haramu, mradi kitunzwe. Chakula kilichobaki kigawanywe kwenye sinia pana ili kipoe haraka, kisha kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Sufuria zima likiingizwa kwenye friji likiwa limejaa, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Umeme ukikatika, friji lisifunguliwe; likifungwa muda wote hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Chakula cha kuuza kibaki kwenye moto, juu ya nyuzi 60. Kipimajoto cha jikoni si anasa, na tunatamani kila mgahawa uwe nacho.

Tukitoka kwenye joto tunaangalia mikono na maji. Kibuyu chirizi kilichofungwa kwenye mti, chenye sabuni pembeni, kina thamani kuliko sinki la kisasa ambalo bomba lake limekauka. Birika na beseni navyo vinafaa, mtu akimmiminia mwenzake, kwa sababu hayo ni maji tiririka. Hatari ni beseni moja linalozunguka meza hadi meza, kila mteja akitumbukiza vidole ndani. Sahani nazo zina habari yake. Zikioshwa zote kwenye ndoo moja hadi maji yageuke mchuzi, kisha zikafutwa kwa kitambaa kilichofuta meza, zimerudi mezani na uchafu wa watu wote waliotangulia. Tunashauri ndoo ya sabuni, ndoo ya kusuuza, kisha kichanja. Jua na upepo vikaushe, kitambaa kipumzike.

Halafu kuna kachumbari. Hiyo hailiwi imepikwa, kwa hiyo hakuna moto wa kuiokoa. Nyanya na vitunguu vikikatwa kwenye ubao uleule uliokatiwa kuku mbichi dakika chache kabla, bakteria wa kuku wanakwenda mezani wazima wazima. Tunataka ubao wa nyama mbichi uwe peke yake na kisu chake, na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji salama.

Cheti cha afya cha mpishi tunakiomba pia. Wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa kila baada ya miezi 6, hasa kwa magonjwa kama homa ya matumbo, ambayo mtu anaweza kuibeba na kuisambaza bila kuumwa. Lakini kipimo kinaeleza hali ya siku ile tu. Mpishi aliyepimwa Januari anaweza kuamka anaharisha Machi, na hapo cheti kilichotundikwa ukutani hakimsaidii mteja. Na tuseme wazi: wapishi wengi hulipwa kwa siku. Asipokuja kazini, watoto wake hawali. Kwa hiyo anameza dawa, anafunga kilemba na kuingia jikoni kimya. Mwenye mgahawa anayemlipa mpishi wake siku za kuumwa anawalinda wateja wake kuliko anayenunua vigae vipya.

Watu wengi hudhani mama lishe ndiye tatizo kuu. Sikubaliani nao. Mama lishe anayepika asubuhi na kumaliza sufuria saa tisa alasiri hana kiporo cha kumsumbua, na chakula chake mara nyingi hutoka kwenye moto kikiwa kinaunguza. Tatizo lake ni maji na choo. Kumtoza faini kwa kutonawa mikono kwenye soko lisilo na bomba ni kumwadhibu kwa kosa la wengine, na sisi tulio serikalini tunapaswa kusikia aibu kabla yake.

Kisheria, maafisa afya wa halmashauri hufanya kazi hii chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Usimamizi wa usalama wa chakula kitaifa ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania. Lakini hakuna ofisi inayoweza kukaa jikoni siku nzima, na ukaguzi wetu huona saa moja tu ya siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa sababu ya chakula na 420,000 hufa, na kwamba kwa idadi ya watu, Afrika ndiyo inayoumia zaidi. Watoto walio chini ya miaka 5 ndio tunaowazika mno.

Kwa hiyo tunawahitaji ninyi wateja. Ukiugua, usikimbilie kulaumu mlo wa mwisho. Kutapika ndani ya saa chache mara nyingi ni dalili ya sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula. Bakteria wa Salmonela, wa kuku na mayai, huweza kuchukua kuanzia saa 6 hadi siku 3. Kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku 5, na homa ya matumbo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu. Kumbuka basi ulichokula tangu siku kadhaa nyuma, wapi, saa ngapi, na nani mlikula naye.

Anza kunywa ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, mara moja. Kinyesi kikiwa na damu au kikifanana na maji yaliyooshea mchele, au mtoto akilegea na macho kuingia ndani, nenda kituo cha afya bila kusubiri kupambazuka. Mabaki ya chakula usiyamwage: yafunge kwenye mfuko safi na uyaweke kwenye friji, mbali na chakula kingine.

Kisha fika ofisi ya mtendaji wa kata, umuulizie afisa afya. Huna haja ya kuwa na ushahidi wala kugombana na mwenye mgahawa. Taarifa ya mtu mmoja tunaiandika na kuifuatilia. Ya pili ikitoka kwa mtu asiyemfahamu wa kwanza, aliyekula chakula kilekile siku ileile, tunajua ni sufuria gani la kuliendea.