Kuhuisha jengo la kiwanda: maana yake

Kuhuisha jengo la kiwanda ni kulichukua jengo kongwe ambalo mashine zake zilishanyamaza, kulitengeneza bila kulifuta sura, kisha kulipatia kazi nyingine. Wapangaji wapya mara nyingi ni watu wa kazi za ubunifu: wapiga picha, mafundi wa sauti, washonaji wa mitindo, wachoraji, watengeneza programu. Kubomoa kila kitu na kubakiza ukuta wa mbele kama pambo si kuhuisha, hata tangazo likisema hivyo.

Kwa nini viwanda vinawafaa watu hawa? Jibu limo kwenye jengo lenyewe. Kiwanda cha nguo cha karne ya 19 kilijengwa kabla taa za umeme hazijaenea, hivyo kikapewa madirisha makubwa. Mabanda ya kufumia yaliezekwa kwa paa lenye umbo la meno ya msumeno, na katika nchi za kaskazini ya ikweta vioo vyake vilitazama kaskazini, ili mfumaji auone uzi bila kupigwa na jua. Mwanga huohuo mtulivu ndio mchoraji anautafuta leo. Sakafu za ghorofa zilizobeba safu za mashine za kusokotea hazitishwi na mtambo wa kuchapia. Ndani kuta ni chache, mzigo umebebwa na nguzo za chuma, kwa hiyo ukumbi unagawika upendavyo. Inama uitazame sakafu: matundu ya bolti na madoa ya mafuta bado yanaonyesha kila mashine iliposimama. Fundi mwenye busara huyaacha.

Salts Mill, kaskazini mwa Uingereza, ni mfano ninaoupenda. Titus Salt alikifungua kiwanda hicho cha sufu mwaka 1853, na kazi ikakoma 1986. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Jonathan Silver alilinunua jengo, akaanza na ukumbi wa picha za mchoraji David Hockney, kisha maduka na biashara nyingine zikafuata.

Kazi yenyewe ina gharama zake: asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu), rangi zenye madini ya risasi, udongo ulionyonya kemikali. Hayo yanasafishika. Linaloniuma zaidi ni kodi ya pango. Katika miaka ya 1960 wasanii waliingia kwenye majengo ya viwanda ya mtaa wa SoHo, New York, wengi wakiishi humo kinyume cha sheria. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu. Mtaa ukapata jina, wenye fedha wakaja, kodi ikapanda, na wengi wa waliouhuisha wakashindwa kubaki.

Ndiyo maana suala la nani anamiliki jengo ni sehemu ya dhana hii. Kaapelitehdas ya Helsinki, ambako Nokia ilikuwa ikitengeneza nyaya, ilibaki mikononi mwa kampuni inayomilikiwa na jiji. Leo ndani yake kuna makumbusho, kumbi za dansi na vyumba vya kazi vya wasanii.