Wewe unayepeleka oda na boda, umeajiriwa au unajitegemea? Usiangalie karatasi tu

Juzi kijana mmoja wa Arua alikuja ofisini kwetu na mguu kwenye plasta, alikuwa anapeleka chakula na vifurushi vya kampuni moja hapa Kampala, akateleza Wandegeya mvua inanyesha na lile boksi bado liko mgongoni. Alipowapigia simu wakamwambia pole, ila wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni kontrakta wa kujitegemea, soma ulichosaini. Akanitolea karatasi yenyewe, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo inachanika, na kweli ukurasa wa pili imeandikwa hivyo hivyo na sahihi yake iko chini. Akaniuliza, "Sasa mama, ndio basi?"

Nikamwambia bado. Kazi yangu ni kuelimisha watu kuhusu sheria za kazi, na inaniuma sana kuona vijana wanarudi nyumbani kimya kwa ajili ya sentensi moja tu kwenye karatasi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inatambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo, hata kama hakuna aliyetamka neno "nimekuajiri" lakini mnavyofanya kazi kila siku inaonekana wazi. Kwa hiyo kesi ikifika mbele ya majaji, hawaishii kwenye jina ulilopewa, wanatazama kazi yenyewe inaendaje, nani anatoa amri, nani ana vyombo, nani anabeba hasara, wewe ni sehemu ya biashara ya yule mtu au una biashara yako.

Nikamuuliza maswali ya kawaida tu. Unaanza saa ngapi? Saa mbili asubuhi, nikichelewa nakatwa. Bei ya kupeleka nani anapanga? Wao. Ukikataa oda? Wananifungia apu siku nzima. Jaketi na boksi? Vya kampuni, ila walinikata pesa yake kidogo kidogo. Piki je? Yangu, bado nalipa mkopo kila wiki. Na ukiugua, unaweza kumtuma ndugu yako akufanyie? Akatikisa kichwa, akasema watanitoa siku hiyo hiyo.

Hilo swali la ndugu lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Uingereza mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya mshahara wa kima cha chini na likizo, kwa sababu kampuni ndiyo ilikuwa inapanga nauli na masharti yote na kuwabana madereva. Lakini 2023 mahakama hiyo hiyo ikasema wapeleka chakula wa Deliveroo hawana uhusiano wa kiajira na kampuni, na sababu kubwa ni kwamba mpanda baiskeli alikuwa na ruhusa ya kweli ya kumpa mtu mwingine ile oda. Hukumu za kule hazilazimishi majaji wetu ila zinasomwa na zinaweza kutajwa.

Na nisieleweke vibaya, kujitegemea si vibaya. Yule wa steji anayebeba mizigo ya maduka matatu ya Kikuubo, bei wanaelewana hapo hapo, leo akitaka kulala nyumbani analala na hakuna wa kumuuliza, huyo ni bosi wa kazi yake na yuko sawa kabisa. Shida ni kufanyishwa kazi kama mfanyakazi alafu siku ya ajali unaambiwa wewe ni biashara.

Manake tofauti ni pesa kabisa. Ukiwa mfanyakazi, mwajiri anatakiwa kukuwekea NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10 juu ya mshahara na wewe unakatwa 5, na tangu sheria irekebishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika, zamani walikuwa wanajificha nyuma ya idadi ya watu watano. Unapata likizo ya siku 21 kwa mwaka, na ukishamaliza mwaka kazini hutolewi bila notisi ya angalau mwezi mmoja, labda kama umefanya kosa kubwa. Na ukiumia kazini kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi, kwa mtu wa piki hiyo ndio naona kubwa kuliko zote. Kontrakta hana hata moja ya hizo, matibabu ni juu yake.

Sasa fanya hivi. Usifute meseji, za kupangiwa zamu, za kukatwa, za kufungiwa, na zile za pesa kuingia kwenye simu kila wiki kutoka namba ile ile. Piga picha ya skrini ya apu kabla hawajakufungia, manake wakishafunga huoni kitu. Ukianguka, waandikie siku hiyo hiyo, hata meseji ya simu inatosha kuanzia, usiishie kupiga tu. Alafu nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, na kama umefukuzwa usikae, malalamiko ya kufukuzwa kwa uonevu yanatakiwa yafike ndani ya miezi mitatu. Usiporidhika na uamuzi wake, unakata rufaa Mahakama ya Viwanda.

Yule kijana alikuwa na meseji za miezi saba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Tulikaa naye mchana mzima tunazinakili kwenye daftari moja moja, tarehe, saa, kiasi alichokatwa, na kesho yake akaenda kwa afisa wa kazi na magongo yake na lile daftari.