Kabla ya kupuliza moshi kwenye brini, niambie asidi inakwenda wapi

Nimetumiwa tena ule mchoro. Bomba la moshi wa mtambo wa umeme linaingia kwenye tangi la brini, yaani maji ya chumvi kali yanayobaki baada ya kutoa maji matamu baharini, na upande wa pili yanatoka mawe meupe na noti. Brini ina magnesiamu na kalsiamu tele, moshi una hewa ukaa, basi vikutanishe, vitaungana vyenyewe. Mimi kazi yangu ni brini, hapa Oman, na naomba tulimalize jambo hili.

Haviungani. Chukua brini mbichi kwenye bika, kile kikombe cha maabara, pitisha hewa ukaa safi ndani yake. Utaona mapovu, basi. Pima pH, kipimo cha uasidi ambacho kikishuka asidi imezidi: imeshuka kutoka 8 hadi karibu 5. Hewa ukaa ikiyeyuka majini inakuwa asidi, na kwenye asidi kaboneti, yaani yale mawe meupe, haigandi. Magnesiamu iliyomo tayari ina kloridi na salfeti za kuisawazisha chaji. Ukitaka ishike kaboneti lazima ulete besi, kitu cha kuizima asidi. Sasa tia kostiki, ileile ya watengeneza sabuni. Papo hapo bika inageuka nyeupe kama tui: hiyo ni hidroksidi ya magnesiamu. Hapo ndipo hewa ukaa inapata pa kushika. Aliyefanya kazi ni kostiki.

Na kostiki ina gharama. Kushika tani 1 ya hewa ukaa kama baikaboneti, ambayo hubaki imeyeyuka majini, kunataka kilo 910 hivi za kostiki. Kuitengeneza kwa umeme kutoka kwenye maji ya chumvi kunakula zaidi ya uniti 2 kwa kilo, tuseme uniti 2,100 kwa jumla. Ukiwa umeme wa gesi, kama ulivyo mwingi wa hapa Oman, umeshatoa kilo 800 hivi za hewa ukaa. Ukitaka mawe, yaani kaboneti kamili, kostiki ni mara mbili: unatoa tani 1.6 ili ushike 1. Umeme wa jua unaibadilisha hesabu hii sana, lakini kwenye mchoro ule sijawahi kuona jua.

“Basi tumia chokaa, ni rahisi.” Chokaa inatoka wapi? Watu wa mwambao wanaijua tanu ya kuchomea matumbawe. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikiungua zinabaki 56 za chokaa, na 44 zimekwenda angani kama hewa ukaa. Kuni hatujazihesabu. Chokaa hiyo ikigeuka kaboneti tena itarudisha kilo 44 zilezile. Hata njia aliyoifanyia kazi Farid Benyahia akiwa Chuo Kikuu cha Qatar, ya amonia na brini kwa mtindo wa Solvay, ule wa viwanda vya magadi, ambayo kemia yake ni nzuri na inatoa baikaboneti kweli, inabidi amonia irudishwe, na dawa ya kawaida ya kuirudisha ni chokaa.

Nakutana pia na wanaonionyesha ukoko mweupe wa mabomba ya maji ya bahari na kusema bahari imeshaanza kushika kaboni. Ni kinyume chake. Kalsiamu ikiganda kutokana na baikaboneti ya bahari, kila kaboneti moja inayojengeka inaachia molekuli moja ya hewa ukaa.

Na zile noti za kwenye mchoro, yaani kuuza madini ya brini, nazipitia haraka. Magnesiamu inalipa: kampuni ya Dow iliitoa kwenye maji ya bahari Freeport, Texas, kuanzia 1941 hadi 1998. Lithiamu ni chini ya miligramu 0.2 kwa lita ya maji ya bahari, na brini yetu ni mara mbili ya hapo tu. Dhahabu aliijaribu Fritz Haber miaka ya 1920 ili Ujerumani ilipe fidia za vita, akakuta ni kidogo mno. Chumvi yenyewe ni nyingi kupita soko: kiwanda kinachomwaga mita za ujazo 300,000 za brini kwa siku kinamwaga zaidi ya tani 18,000 za chumvichumvi. Viwanda takriban 60 vya ukubwa huo vingeifikia chumvi yote inayozalishwa duniani. Sasa utamuuzia nani?

Turudi kwenye asidi, maana ndiyo inayonikera. Umeme unaotengeneza besi kutoka kwenye brini unatengeneza na asidi, au klorini, kiasi kilekile. Ukiimwaga baharini, inafukuza hewa ukaa uliyoishika kwa jasho. Kampuni ya Equatic, walioanza majaribio Los Angeles na Singapore mwaka 2023, wanaizima asidi kwa mawe yenye besi. Hilo ndilo jibu ninaloliheshimu, na sisi mawe hayo tunayo: peridotiti, jiwe lenye magnesiamu tele, ya milima ya Hajar, ambayo yenyewe inashika hewa ukaa kwenye nyufa zake.

Hata hapo nina wasiwasi. Jiwe lazima lichimbwe, lisagwe, libebwe, na silika, kitu kilekile cha mchanga kilichomo ndani yake, inaweza kuliziba uso kabla halijayeyuka vya kutosha. Tena peridotiti ina nikeli na kromiamu. Anayetaka kuiyeyusha kwa asidi kisha maji yake ayafungulie kwenye ufuo ambao wavuvi wanatupa nyavu za dagaa, anionyeshe kwanza nikeli anaikamata kwa kitu gani, na hicho kitu kikishajaa anakipeleka wapi.