Redio: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Simu ya mkononi imeiua redio.

Ukweli: Simu imeongeza idadi ya redio mifukoni mwa watu. Simu nyingi za kitochi zina redio ya FM ndani yake, na mwenye nayo huchomeka hedifoni, ambazo waya wake hufanya kazi ya antena, akasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kununua bando. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilirusha masomo redioni, kwa kuwa kaya nyingi hazikuwa na intaneti.

Dhana: Redio husikika popote.

Ukweli: FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo mlima mmoja waweza kukinyima kijiji matangazo. Mawimbi ya masafa ya kati (AM) hufika mbali zaidi, hasa usiku.

Dhana: Redio husema tu, haisikilizi.

Ukweli: Waliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam watacheka, maana wanazikumbuka kadi za salamu, ambazo wasikilizaji walizituma zisomwe hewani, na zaidi matangazo ya vifo, yaliyotaja jina la marehemu, mahali pa maziko na majina ya ndugu waliotakiwa kupata habari popote walipo. Kwa maoni yangu, imani ya wengi kwa redio ilijengwa hapo kuliko katika hotuba, kwa sababu tangazo la msiba mtu angeweza kulihakiki kwa kufika msibani. Mwaka 1973 kampeni ya afya ya redio nchini Tanzania, Mtu ni Afya, ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, ambavyo baada ya kipindi vilijadiliana, kisha wanakikundi wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao.

Dhana: Kwa kuwa redio inaaminika, inayoyasema ni kweli.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki na mazungumzo ya utani, na mwaka 1994 ikautumia ukaribu huo kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hata kutaja majina ya watu na mahali walipo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili mwaka 2003. Sauti iliyozoeleka haithibitishi habari. Kinachopaswa kuulizwa ni nani anamiliki kituo, mwandishi alifika kwenye tukio au alisimuliwa, na kituo kikikosea husahihisha hadharani au hunyamaza. Redio Okapi ya Kongo, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle, ilijengwa kwa fikra hiyo: waandishi Wakongo, wakitangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, katika nchi iliyokuwa bado imegawanywa na pande zilizokuwa zikipigana.